Uliza Sahani Kwanza: Dawa za Sukari na za Tezi kwa Muuguzi wa Arua na Koboko

Insulini ya saa moja asubuhi ina hatari yake ikiwa uji utafika saa nne. Katika wadi za hospitali za serikali nchini Uganda, chakula cha mgonjwa kwa kawaida huletwa na ndugu aliyelala kwenye mkeka kando ya kitanda. Ndiye anayetoka alfajiri kuwasha moto nje, akangoja sufuria ichemke, akarudi na bakuli. Ukipita na dawa kwa sababu saa imefika, ukachoma yuniti 18, na ndugu huyo bado anahangaika na kuni mbichi, chati imejazwa vizuri lakini mgonjwa ameachwa njiani. Muda si mrefu anatokwa jasho, anatetemeka, anajibu mambo ambayo hakuulizwa, na jirani wa kitanda cha pili anasema malaria imempanda kichwani.

Kanuni ya kwanza, inayobeba nyingi zinazofuata, ni hii: dawa ya sukari hufuata sahani, haifuati saa ya ukutani. Kabla hujauliza sukari ni ngapi, uliza amekula nini. Kama bado hajala, uliza chakula kiko wapi. Kionekane kwa macho, “kinakuja” haitoshi.

Ninakuandikia wewe muuguzi au mkunga wa kituo cha afya kando ya barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, na wewe wa nyumbani uliyepewa kazi ya kumchoma mzazi au mtoto sindano bila kuisomea. Barabara hiyo inaanzia mpakani na Kongo na kuishia mpakani na Sudan Kusini. Siku moja ya kliniki huenda ukawa na Mlugbara wa Vurra, Mkakwa wa Koboko mwenye shangazi Ingbokolo na mjomba Yei, Mnubi wa mtaa wa Oli, mfanyabiashara wa Ariwara, na mkimbizi wa Lobule. Kila mmoja amebeba mfuko wa plastiki wenye vidonge kutoka mahali tofauti. Mwambie aumwage wote mezani kabla ya lolote. Utashangaa mara ngapi kidonge kilekile kinamezwa kwa majina mawili, kimoja kutoka kliniki na kingine kutoka duka la dawa ng’ambo ya mpaka.

Dozi hubadilishwa na daktari au afisa tabibu. Kazi yako ni kumletea habari asizokuwa nazo, na habari kubwa kuliko zote iko jikoni.

Mlo kabla ya dozi

Uliza hivi: jana ulikula mara ngapi, nini, saa ngapi, na nani alipika? Usiulize “unakula vizuri?” kwa sababu kila mtu mwenye adabu atasema ndiyo.

Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, Imvepi na Lobule swali hili lina uzito wa pekee. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda hadi asilimia 70 Aprili 2020, likaushusha tena hadi asilimia 60 Februari 2021, na mwaka 2023 likaanza kugawa kwa makundi, wengine wakibaki bila kitu. Mtu anayekula mara moja kwa siku, jioni, akiwa na karatasi ya glibenklamidi asubuhi na jioni, amebeba dawa inayoweza kumwangusha kila adhuhuri. Ukiona sukari yake imetulia mno na analalamika kichwa na usingizi mchana, usimpongeze haraka. Mwandikie afisa tabibu: mlo mmoja, jioni, dozi ipitiwe upya.

Kuhusu chakula chenyewe, zile karatasi za mafunzo zinazosema mkate wa ngano nzima na tufaha ziache kabatini. Mtu wa hapa anakula enyasa ya unga wa muhogo uliochanganywa na mtama au ulezi, posho, viazi vitamu, mboga ya majani ya kunde, maharage, samaki mkavu na simsim. Kumwambia aache muhogo ni kumwambia aache kula. Mwambie tonge lipungue, mboga na maharage viongezeke, na chai inywewe bila sukari. Kwa wengi sukari ya chai na soda ndiyo inayoharibu hesabu kuliko enyasa. Msimu wa embe usimkataze embe. Moja, baada ya chakula, ni tofauti na beseni chini ya mti.

Pombe nayo itajwe bila kuhubiri. Kwete na waragi kwa mtu mwenye njaa aliyemeza glibenklamidi au kuchoma insulini huweza kushusha sukari usiku kucha, na wenzake watadhani amelewa tu. Anayetumia metformini na kunywa sana, kila siku, anajiweka kwenye hatari ya asidi kujaa mwilini.

Vidonge viwili vyenye tabia mbili

Metformini na glibenklamidi huandikwa pamoja mara nyingi hata wagonjwa huziita “dawa ya asubuhi” kana kwamba ni kitu kimoja. Tabia zao ni tofauti, na mgonjwa akizijua atajilinda mwenyewe.

Metformini peke yake ni nadra kuangusha sukari. Shida yake ni tumbo: gesi, kichefuchefu, kuharisha, hasa wiki za mwanzo. Ndiyo maana huanzwa kidogo, kwa kawaida miligramu 500 pamoja na chakula cha jioni, kisha ikapandishwa polepole. Mwambie mgonjwa mapema kwamba tumbo litasumbua na litatulia. Asipoambiwa, ataacha kimyakimya na kukueleza miezi mitatu baadaye. Akipata kuharisha kukali, kutapika, au homa inayomkausha maji, asimamishe metformini kwa muda na aje kituoni, kwa sababu figo zinapokosa maji dawa hulundikana. Mwenye figo zilizodhoofika sana hapewi kabisa. Na yule aliyeitumia kwa miaka, akaanza ganzi ya miguu na upungufu wa damu, usilaumu sukari peke yake. Metformini hupunguza vitamini B12 mwilini.

Glibenklamidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Daonil, huilazimisha kongosho itoe insulini hata kama tumbo ni tupu. Imezwe chakula kikiwa mbele. Hakuna chakula, hakuna kidonge, na mlo uliorukwa haufidiwi kwa vidonge viwili baadaye. Mzee wa miaka zaidi ya 60 na mwenye figo dhaifu wako hatarini zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018, linapendelea gliklazidi kwa watu wa umri huo. Ikipatikana, sema. Mjamzito asiendelee na glibenklamidi. Apelekwe upesi kwa daktari.

Kuna watakaokuambia wameacha vidonge kwa sababu ya mwarobaini, moringa au mululuza. Usicheke dawa za miti. Metformini yenyewe ina asili katika mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, na jambo lililoifanya iaminike ni kwamba kipimo chake kinajulikana miligramu kwa miligramu. Muulize mgonjwa anachemsha nini, kiasi gani, na amepima sukari lini. Jambo la kumkataza bila kusita ni kuacha insulini kwa ajili ya kikombe cha majani.

Insulini mkononi

Hapa tukae kidogo, kwa maana makosa ya insulini hutokea mikononi.

Anza na bomba. Insulini nyingi tunayotumia, ikiwemo ile ya mchanganyiko wa 30/70 inayoitwa Mixtard, ina yuniti 100 katika kila mililita. Bomba lake limeandikwa U-100, na kofia yake kwa kawaida ni ya rangi ya chungwa. Lipo bomba jingine, U-40, mara nyingi la kofia nyekundu, lililotengenezewa insulini ya yuniti 40 kwa mililita. Katika mji wa mpakani vitu huvuka. Mtu akivuta insulini ya 100 hadi mstari wa 20 kwenye bomba la U-40, amevuta nusu mililita, yaani yuniti 50. Amejichoma mara mbili na nusu ya dozi, na mstari unamwambia amefanya sawa. Kwa hiyo shika chupa mkono mmoja na bomba mkono mwingine, msome namba mbili pamoja na mgonjwa kwa sauti. Zisipolingana, msichome. Bomba la kawaida la mililita mbili nalo lisitumike kwa kukisia.

Insulini ya maziwamaziwa ibingirishwe taratibu kati ya viganja, kisha igeuzwe juu chini, mpaka iwe na rangi moja kuanzia juu hadi chini. Isitikiswe. Ile ya maji meupe ikionekana na ukungu, au ya maziwamaziwa ikishika madonge na kuganda ukutani mwa chupa, itupwe. Anayechanganya mbili katika bomba moja avute ya maji meupe kwanza. Mixtard ichomwe nusu saa kabla ya kula, na hapa ndipo sahani inarudi: dakika ya kuchoma huhesabiwa kurudi nyuma kutoka saa ya chakula. Wadini, mwulize ndugu, “Dada, chakula kiko tayari?” Akikuonyesha kimeiva, choma. Nusu saa inatosha kupakua na kupoza.

Mahali pa kuchoma ni tumbo, mbali na kitovu, paja kwa nje, na nyuma ya mkono wa juu. Mgonjwa ahame kila siku, walau upana wa vidole viwili kutoka tundu la jana. Mpapase mwenyewe kila anapokuja. Ukikuta uvimbe laini kama mafuta, umepata sababu ya sukari inayopanda na kushuka ovyo, maana wengi huchoma pale pasipouma na pale ndipo dawa hainyonywi vizuri. Akihamia mahali pazima dozi inaweza kumzidi, basi apimwe kwa karibu siku hizo. Ngozi ioshwe kwa maji na sabuni. Si lazima spiriti. Akishasukuma dawa ahesabu hadi kumi kabla ya kuchomoa. Sindano isigawanwe, hata mume na mke wote wawe na sukari. Zilizotumika ziingie kwenye kijeriken kigumu cha mafuta ya kupikia chenye kifuniko, kikijaa kiletwe kituoni. Shimoni zitamchoma mtoto anayeokota.

Kuhifadhi bila friji kunawezekana. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliotokana na joto la kambi ya Dagahaley, Dadaab, Kenya. Waliweka insulini katika joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne, na nguvu yake ikabaki karibu ileile. Hiyo ni habari njema kwa mama wa Lobule aliyekuwa anatembea hadi kituoni kila siku kwa sindano moja. Chupa zisizofunguliwa zikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu. Iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Chupa inayotumika ikae nyumbani ndani ya chungu: chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga uliolowanishwa katikati, kitambaa kibichi juu, kivulini panapopita hewa. Chupa ifungwe kwenye kimfuko ili maji yasiingie. Nyumba ya nyasi, kwa jambo hili, inaishinda ya mabati. Ila utafiti ule haukuruhusu mtu kuacha insulini juani kwenye boda au kwenye dashibodi ya gari la Koboko. Insulini ni protini. Ikipikwa na jua haiwi tena dawa, kama ute wa yai usivyorudi kuwa maji baada ya kuchemka.

Andika tarehe ya kufunguliwa kwenye chupa yenyewe, na baada ya wiki nne ichukuliwe nyingine. Kisha piga hesabu na mgonjwa. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Anayetumia yuniti 18 asubuhi na 10 jioni anamaliza 28 kwa siku, na kwa siku 60 anahitaji 1,680. National Medical Stores huleta dawa vituoni kila baada ya miezi miwili. Ukimpa chupa moja, umemwachia pengo. Weka oda ukiwa na hesabu hii kwa kila mgonjwa wa insulini uliyenaye. Ukiagiza “kama mara iliyopita” utakosa kama mara iliyopita.

Pale kanuni ya sahani inapokoma

Yuko mgonjwa mmoja ambaye kanuni yangu, ukiishika kibubusa, itamuua. Ni mtoto au kijana mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye mwili wake hautengenezi insulini. Huyu akiugua homa, akatapika na kukataa chakula, mama anafikiri kwa akili njema kabisa: hajala, basi nisimchome. Lakini ugonjwa wenyewe unapandisha sukari, na bila insulini damu yake itajaa asidi ndani ya siku moja au mbili. Dozi inaweza kubadilishwa, haisimamishwi yote. Apimwe kila baada ya saa chache, anywe maji kidogokidogo, na akiendelea kutapika aletwe hospitali usiku huohuo.

Kabla ya Januari 1922, pale kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alipochomwa insulini mjini Toronto, mtoto wa namna hii alikufa tu. Siku hizi huku kwetu hatari yake ni kufa akiwa na dripu ya malaria. Kutapika, maumivu ya tumbo, udhaifu, kuhema kwa kina na kwa haraka: vyote hufanana na malaria kali. Muulize mama kama mtoto amerudi kukojoa kitandani, kama anakunywa maji bila kukoma, kama amekonda ghafla. Na mtoto yeyote anayetapika na kuhema, mchome kidole upime sukari, hata kipimo cha malaria kikiwa kimeonyesha mistari miwili. Anaweza kuwa na vyote viwili. Uganda ni miongoni mwa nchi zilizoingia mapema katika mpango wa Changing Diabetes in Children, ulioanza 2009, unaowapa watoto insulini na vipimo bila malipo. Ulizia njia ya kumwandikisha kupitia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua.

Sukari ikishuka

Chini ya 3.9 mmol/L ni kushuka, dalili ziwepo zisiwepo. Jasho, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio, kisha ukali usio wa kawaida yake, kuyumba, kuanguka. Kama huna kipimo, mtibu kana kwamba imeshuka.

Aliye macho na anayeweza kumeza apewe vijiko vidogo vitatu vya sukari katika nusu kikombe cha maji, au nusu ya soda ya mililita 300. Baada ya dakika 15 mpime tena. Bado chini, rudia. Ikipanda, ale chakula halisi, maana sukari ya soda haikai. Asiyejitambua asimiminiwe kitu mdomoni. Nyumbani alazwe ubavu, apakwe kidogo chini ya ulimi sukari iliyolowanishwa maji, huku boda ikiitwa. Kituoni apewe glukosi kwenye mshipa: mtu mzima mililita 20 hadi 50 za asilimia 50, polepole, mshipa mkubwa, mtoto mililita 5 za asilimia 10 kwa kila kilo.

Akizinduka baada ya kuanguka kwa glibenklamidi, usimruhusu kurudi nyumbani. Dawa hiyo hukaa muda mrefu na inaweza kumwangusha tena baada ya saa nyingi, yuko njiani. Alazwe, apimwe usiku kucha, na ndugu zake waelezwe kwa nini.

Dawa za magonjwa mengine

West Nile, eneo letu hili, ni nchi ya malaria, na kwinini hushusha sukari, kwa mjamzito hasa. Malaria kali yenyewe huishusha hata kabla ya dawa. Septrin, ambayo baadhi ya wanaoishi na VVU huimeza kila siku, ikikutana na glibenklamidi huweza kuongeza nguvu yake. Dolutegravir, dawa ya VVU, huongeza metformini katika damu, kwa hiyo anayetumia zote mbili asivuke miligramu 1,000 za metformini kwa siku. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: huipunguza nguvu glibenklamidi, sukari ikapanda, na mgonjwa akalaumiwa kwa kula ovyo. Anayeanza dawa yoyote kati ya hizi arudi kupimwa sukari wiki hiyohiyo.

Mwezi wa Ramadhani

Oli, Koboko na Yumbe zina Waislamu wengi, na atakayefunga atafunga hata usipomruhusu. Mazungumzo yafanyike mwezi mmoja au miwili kabla, ikiwezekana imamu akiwepo. Wenye aina ya kwanza, wajawazito wenye sukari, na waliowahi kuanguka miezi ya karibuni washauriwe wasifunge. Sharia ina ruhusa kwa mgonjwa. Anayefunga kwa metformini mara mbili ataimeza wakati wa futari na wa daku. Kwa insulini ya mchanganyiko, daktari kwa kawaida huhamishia dozi kubwa ya asubuhi kwenye futari, na ile ya jioni huipunguza nusu ikachomwa wakati wa daku. Glibenklamidi ni bora ibadilishwe kabla ya mwezi kuandama. Mkubaliane pia mapema: sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, anafungua, hata zikibaki dakika kumi kuadhini. Na mhakikishie kwamba kujichoma kidole kupima hakuvunji saumu, kama wanavyokubali wanazuoni wengi. Woga huo ndio unaowafanya wengi washinde bila kupima.

Tezi ya shingo na steroidi

Levothairoksini, dawa ya tezi isiyofanya kazi ya kutosha, imezwe asubuhi na maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Mama mjamzito anayetumia dawa hii na kupewa vidonge vya madini ya chuma kliniki ya wajawazito avitenganishe kwa saa nne, maana chuma huishika dawa tumboni isiingie mwilini. Asubuhi tezi, jioni chuma. Ni rahisi kukumbuka.

Kabimazoli, dawa ya tezi inayofanya kazi kupita kiasi, ina onyo moja linalopotea sana huku kwetu. Mara chache hufuta chembe nyeupe za damu. Dalili yake ni homa na koo kuuma, na hapa homa hupewa vidonge vya malaria dukani. Mgonjwa wa kabimazoli akipata homa na koo, asimamishe dawa na apimwe damu siku hiyohiyo. Andika onyo hilo kwa herufi kubwa. Akiwa na propranololi pia, na ana sukari, ajue kwamba sukari ikishuka itamfichia kutetemeka na mapigo ya moyo. Jasho ndilo litabaki kumwonya.

Prednisoloni, ambayo ni steroidi, hupandisha sukari, zaidi alasiri na jioni, hivyo kipimo cha asubuhi peke yake kitakudanganya. Aliyeitumia zaidi ya wiki tatu asiiache ghafla, kwa kuwa tezi za juu ya figo zimelala na zinahitaji muda kuamka. Uliza pia, kwa upole na faraghani, juu ya vidonge vya kunenepa na mafuta ya kung’arisha ngozi. Baadhi vina steroidi, na mtu hatavitaja kama dawa kwa sababu kwake si dawa.

Kufundisha, na daftari

Usimalize kwa “umeelewa?” Sema, “Mzee, nionyeshe utakavyofanya kesho.” Mpe bomba na maji. Mwache akosee mbele yako. Mara nyingine jibu linatoka mahali hukutegemea: “Sista, mimi nachoma, lakini wiki hii anayepika ni mke mdogo, na yeye hupika saa tatu usiku.” Basi mke mdogo ndiye mwanafunzi wako, aitwe. Kama hujui Kilugbara, Kikakwa, Kinubi au Lingala, tafuta mtu mzima wa kutafsiri. Mtoto wa shule asibebeshwe habari za mkojo na ndoa za babake.

Wagonjwa wengi hapa hubeba historia yao kwenye daftari la shule, na daftari hilo litavuka mpaka. Upande wa Kongo sukari huandikwa kwa mg/dL au kwa gramu kwa lita. Gawanya mg/dL kwa 18 upate mmol/L: 180 ni 10, 90 ni 5. Cha kuogopa ni gramu. Karatasi inayosema 3.0 bila kipimo, iliyotoka Ariwara, inaweza kuwa gramu 3 kwa lita, yaani karibu 16.7 zetu, ukimpa soda umemwongezea. Pima tena mwenyewe.

Kwa hiyo kila unapoandika, andika namba pamoja na kipimo chake. Andika jina halisi la dawa, si la kampuni, na miligramu au yuniti kwa neno zima, maana herufi U iliyoandikwa haraka husomeka sifuri na yuniti 10 zikawa 100. Badala ya “1x2” chora jua na mwezi, na kando ya kila kimoja idadi ya vidonge. Chini yake weka saa ya mlo wa mgonjwa kama alivyokuambia, na tarehe ambayo chupa yake ya insulini itaisha.